Fundi Anasoma Nini?

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Mdogo wangu wa pekee, mkubwa wa vitabu vyote,

Kuulizana hali tuwaachie watu wasio na habari. Mimi ninayo, na imenijaa mpaka kooni. Kaa chini kwanza. Kama umekaa, simama, maana habari hii haifai kusomwa umekaa.

Nimependa.

Usicheke. Nakujua, umeshaanza kucheka hapo kaunta na wasomaji wanakutazama. Mimi, niliyenyoa manahodha na mabaharia, niliyemnyoa mpishi wa meli aliyekuwa na vipara viwili, niliyepungiwa leso katika bandari ambazo hata ramani inazitaja kwa kunong'ona, nimekamatwa na fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara! Duka lake na kibanda changu cha kunyolea vinatazamana. Asubuhi akifungua mlango namwona ndani ya kioo changu kabla hata hajaniona. Juzi nilikuwa namtazama hivyo, nikamnyoa mwalimu mkuu upande mmoja mpaka juu kabisa ya sikio. Tangu siku hiyo anavaa kofia, lakini ni mtu mwema, hajanisema.

Jioni Fundi akifunga anakuja kukaa kwenye benchi langu na kikombe chake cha chai, nami namhadithia dunia. Anaupenda hasa ule mji wa bandari wenye daraja linalofunguka katikati kupisha meli. Nilimweleza jinsi lilivyoanza kunyanyuka nami niko katikati yake, ikabidi niruke kama swala, kiatu kimoja kikabaki ng'ambo. Ananisikiliza, pini bado zimechomekwa kwenye ukosi. Halafu anauliza. Daraja lilikuwa la rangi gani? Ukilishuka, soko liko mkono gani? Mdogo wangu, mwanamke anayeuliza maswali namna hiyo ameshanasa.

Sasa shida. Ameitwa kazi huko huko, mji huo huo wa bandari. Kiwanda cha sare za shule kinataka msimamizi wa mafundi, na mwisho wa mwezi huu anafunga duka. Nikikaa kimya mpaka siku hiyo, kioo changu kitabaki kuonyesha mlango uliofungwa. Nataka kumwambia, lakini mtu kama yule anaambiwaje? Anasoma! Kila mara anarudi kutoka maktaba na kitabu amekivika bitana, kile kitambaa cha ndani ya koti, kimeshonwa kikakaa sawasawa, jalada halionekani hata pembe. Ningejua anasoma nini ningejua pa kuingilia. Kama ni mashairi, nitakwenda na mashairi. Kama ni dini, nitakwenda nimekunja mikono. Kama ni ufugaji wa kuku, mdogo wangu, nitaatamia mayai mwenyewe.

Ndipo unapoingia wewe. Walikuhamishia tawi hilo la mbali, sawa, lakini kompyuta yenu ni moja, uliniambia kwa mdomo wako. Na vitabu vinavyoombwa kutoka tawi lako kuja huku vinapita mikononi mwako. Bonyeza jina lake tu. Neno moja litanitosha.

Simu sikupigii kwa sababu hapa nikisema "haloo" wateja wote wanaacha kupumua wasikie. Barua inakuja na dereva wa gari la maktaba, ndani ya kreti la vitabu, kama kawaida yetu. Nimemnyoa bure, kwa hiyo itafika.

Kaka yako,
Mkasi wa Dunia


Ijumaa, tarehe 7 Machi

Kaka,

Hapana.

Ningeweza kuishia hapo, lakini utasema nimeringa. Nimecheka mpaka mlinzi akaniletea maji. Nimefurahi, kaka, nimefurahi kweli, na kama ungekuwa hapa ningekurukia shingoni. Lakini kubonyeza jina lake, hapana.

Wewe mteja akikaa kwenye kiti chako unaona kovu la kichwani ambalo hata mkewe halijui. Umewahi kulitangaza? Unatangaza mengine yote, mtaa mzima unayajua, lakini kovu la mtu sijawahi kulisikia kutoka kwako. Basi na sisi hapa ni hivyo hivyo. Mtu anaazima kitabu cha ugonjwa, cha mapenzi, cha kuacha kazi, cha kuongea na Mungu. Akihisi kuna jicho nyuma yake, kesho atachukua kile kitakachomfanya aonekane vizuri, na kile alichokuwa anakihitaji kitabaki kwenye rafu.

Tena kitabu kikirudi jina la mtu linafutika kwenye kompyuta. Kikiwa bado nje, ndiyo, naona. Naona na nanyamaza. Kazi yangu ni hiyo.

Halafu geuza meza. Ungependa yeye aniandikie mimi, aniulize kinyozi wa ng'ambo ya barabara anaazima nini? Nami nimjibu?

Mwulize mwenyewe. Yeye ana mdomo, na wewe, Mungu anajua, unao.

Mdogo wako


Ijumaa, tarehe 14 Machi

Mdogo wangu mwenye moyo wa kufuli,

Lile swali lako la mwisho lilitoka wapi? Nani kakuuliza? Mimi siazimi kitu. Naazima kidogo. Mambo ya kazi, afya ya ngozi ya kichwa, basi. Usilirudie swali lile, linaniletea jasho.

Kwa kuwa umenitupa, nimefanya uchunguzi mwenyewe. Jumanne nilimjaribu kwa ushairi. Niliutunga wakati namnyoa fundi bomba. "Ewe sindano ya moyo, uzi wangu umepita." Jioni, kwenye benchi, Fundi akaniuliza, "Umepita wapi?" Nikasema, "Kwenye tundu." Akasema, "Basi piga fundo, usije ukachomoka." Mpaka sasa sijui kama lile lilikuwa jibu la mapenzi au la kazi.

Jumatano nikaingia na kuku. Nikamwuliza ghafla, nimtege: "Fundi, jogoo akiacha kuwika ni dalili ya nini?" Akanywa chai, akasema, "Labda amemaliza uongo." Nikacheka kuliko alivyocheka yeye. Yeye hakucheka hata kidogo.

Jana upepo ulivuma, bitana ikafunguka kidogo, nikaona bluu. Bluu tu! Kitabu gani ni cha bluu? Usijibu. Najua hutajibu. Lakini ukipiga chafya kwenye barua nitaelewa.

Kuna jambo moja halijakaa vizuri. Mwanzoni mwa wiki alikwenda kuonana na wenye kiwanda kule bandarini, akalala siku moja akarudi. Nikamwuliza, "Eeh, na daraja umelionaje?" Akasema, "Nitakuambia." Mdogo wangu, mimi ndiye mtu wa kusema nitakuambia. Nikiambiwa mimi, silali.

Tangu aliporudi benchi langu analikalia ukingoni, kama mtu anayengoja zamu. Au amepata mtu huko?

Kaka yako asiyelala,
Mkasi wa Dunia


Jumatatu, tarehe 17 Machi

Dada wa maktaba,

Hatujaonana. Mimi ni fundi cherehani, niliomba vitabu viwili kutoka tawi lako, kile cha bluu cha miji ya bandari na kile kikubwa cha safari za baharini. Vimefika salama na nimevivika nguo visichafuke kwa mafuta ya cherehani. Nina swali, na nakuomba usinione mtu wa umbea.

Nahamia mji wa bandari kikazi. Nikasema nisome kidogo kabla sijafika, nisiwe mgeni wa kupotea. Zaidi ya hayo, jirani yangu amenisimulia mji ule mpaka nikajiona nimeshakaa huko. Wiki iliyopita nilikwenda kuonana na wenye kiwanda. Nikapata nafasi, nikauliza njia ya kwenda kwenye daraja linalofunguka katikati. Mzee anayekata tiketi kituo cha basi alicheka mpaka akawaita wenzake. Daraja lile lilibomolewa kabla mimi sijazaliwa. Na jirani yangu tunalingana umri.

Nikarudi nimenuna. Nikafungua kitabu chako cha bluu, ambacho nilikuwa sijafika hata nusu. Daraja limo. Rangi ya kijani, soko mkono wa kulia, mpaka muuza saa mwenye jicho moja yumo. Kitabu chenyewe ni cha zamani sana. Na katikati ya kurasa hizo, dada, kwenye mshono wa kitabu, kuna nywele. Vipande vifupi vifupi, vyeusi, vya mvi, vilivyonyooka na vilivyojisokota, vya vichwa vya watu mbalimbali. Nikafungua na kile kingine. Kila penye hadithi niliyosimuliwa, pana nywele.

Nataka kujua aliyevishika vitabu hivi kabla yangu. Vinyozi wapo wengi, sitaki kumsingizia mtu, na mimi sikati kitambaa nisichokipima. Ninayemfikiria ni kaka yako. Ametutangazia mtaa mzima kwamba wewe ndiye mkubwa wa vitabu vyote. Ukiona vigumu nitaelewa. Lakini mwezi unakwisha, na kuna jambo la maisha yangu nataka kuliamua kabla sijafunga duka. Siwezi kuliamua mpaka nijue mtu huyu ni mwongo wa namna gani.

Wako,
Fundi


Jumatano, tarehe 19 Machi

Dada Fundi,

Sitakuambia, na naomba usione nimemficha ndugu. Ungeniuliza habari za mtu nisiyemjua kabisa, hata mwizi wa vitabu, jibu langu lingekuwa hili hili. Kitabu kikirudi jina linafutwa, na kabla halijafutwa si langu la kugawa.

Na wewe tulia upande wako. Akitokea mtu yeyote kuniuliza unasoma nini, ataondoka mikono mitupu, hata kama tumenyonya ziwa moja.

Hizo nywele ni jambo jingine. Hizo ni uchafu, na uchafu nina ruhusa ya kuulalamikia. Ukimwona mtu anayesoma huku ananyoa, mwambie maktaba inamwomba akung'ute kitabu kabla ya kukirudisha.

Kuhusu namna ya uongo wa mtu, hilo kompyuta yetu haina. Lakini vitabu viwili unavyo wewe, na masikio unayo. Linganisha.

Wako,
Mkutubi


Jumatano hiyo hiyo, tarehe 19 Machi

Kaka,

Leo nina furaha ambayo siwezi kukueleza. Usiniulize. Chafya sijapiga.

Umetunza siri za vichwa vya watu miaka yote hii. Yako moja tu ndiyo inakushinda kuitoa mdomoni. Mwambie, kaka! Mwezi hauna subira.

Mdogo wako anayetembea huku na huko kaunta bila sababu


Jumamosi, tarehe 22 Machi

Kinyozi,

Kitabu cha bluu nimekirudisha asubuhi. Najua utakiazima tena kabla jua halijazama, kwa sababu jana jioni hukuwa na hadithi mpya, ulirudia ile ya mpishi mwenye vipara viwili. Barua hii nimeibana kwa pini penye ukurasa wa daraja. Mwingine akikiazima kabla yako, basi nitasafiri na yeye.

Daraja halipo. Halijakuwepo maisha yangu yote wala yako. Kile kiatu kimoja kilibaki wapi, wewe bwana?

Nilikasirika. Nilishona mkono wa shati nikaukaza mpaka mwenyewe akashindwa kuuvaa. Nikamwandikia mdogo wako nimwulize aliyekuwa na kitabu kabla yangu, akaninyima, tena kwa adabu. Nikampenda hapo hapo. Jina lako hakunipa mtu, Kinyozi. Ulijiandika mwenyewe, kwa nywele za wateja.

Kisha mdogo wako akaniambia nilinganishe. Nikakaa nikalinganisha, hadithi kwa hadithi, nikifuata nywele. Kitabu kinasema muuza saa ana jicho moja. Wewe ulisema alikupa chai kwa sababu ulimkumbusha mwanawe. Hilo kitabuni halimo. Kitabu kinasema sokoni mvua hunyesha ghafla. Wewe ulisema wanawake wa sokoni walikutandikia gunia ukakaa nao chini ya turubai mpaka ikakatika. Halimo. Yule nahodha aliyelia wakati unamnyoa kwa kuwa amekumbuka kwao, hayumo. Nimetafuta ukurasa kwa ukurasa. Madaraja na meli na minara umechukua kitabuni. Kila penye mtu kumtendea mtu wema, umeweka wewe.

Sasa najua ni mwongo wa namna gani.

Naondoka Jumatatu, tarehe 31. Kazi nimekubali na sirudi nyuma. Mji hauna daraja na mimi simjui mtu hata mmoja huko. Wewe unazo hadithi zake zote na hujaufika. Mimi naona hapo kuna jambo la kuzungumza. Naomba jibu, na kama unaweza, liwe fupi.

Fundi


Jumapili, tarehe 23 Machi

Fundi,

Jibu fupi: ndiyo.

Sasa refu, maana fupi sijalizoea na limenikwangua koo.

Kitabu nilikichukua jana ile ile. Nilisoma barua yako nimesimama pale pale kwenye rafu, pini ikanichoma kidole, nikapiga kelele ndani ya maktaba, nikatolewa. Nimetolewa katika sehemu nyingi duniani. Sawa, mbili. Lakini sijawahi kutolewa huku nacheka namna ile.

Meli nimepanda, Fundi, hilo usinivue. Meli moja. Nilimenya viazi na kunyoa mabaharia, nikatapika njia nzima, bandari ya kwanza nikateremka na kurudi nyumbani kwa lori. Mpishi mwenye vipara viwili ni wa kweli, naapa, kimoja mbele, kimoja nyuma, katikati msitu. Dunia iliyobaki nimeizunguka nikiwa nimesimama nyuma ya kiti changu, mkono mmoja mashine, mkono mmoja kitabu. Shule niliiacha mapema, au yenyewe iliniacha, bado tunabishana. Kusoma ndiko hakukuniacha. Ila ukiwaambia watu umesoma, wanakuuliza una cheti gani. Ukiwaambia umefika, wanakusogezea benchi.

Nakuja na wewe. Nywele zinaota kila mahali, hata pasipo na daraja. Kiti changu kimeshikwa kwa skrubu tu, nimeanza kuzilegeza tangu alfajiri, na mteja wa kwanza nimemnyoa anayumba kama yuko baharini. Mwalimu mkuu nimempa habari. Amevua kofia kwa heshima. Nywele bado hazijaota.

Nina ombi moja. Umeshafika huko, unajua mitaa. Tukiteremka usinionyeshe kitu, usiniambie hiki ni hiki. Tembea tu pembeni yangu. Nataka kwa mara moja katika maisha yangu nione mji ambao sijausimulia.

Wako, nikikubaliwa,
Kinyozi


Jumapili, tarehe 8 Juni

Mdogo wangu, wifi wa Fundi, mtunza siri za taifa zima,

Nipo! Nipo kweli, kwa miguu yangu miwili na viatu vyote viwili! Ulipoondoka baada ya harusi nilikuahidi barua ndefu, na kama imechelewa ni kwa sababu kila nikikaa niandike nasikia honi ya meli, natoka kwenda kuangalia.

Kile kitabu cha bluu kilitupunja. Hakisemi kwamba bandari inanuka kamba za mkonge na rangi mbichi. Hakisemi kwamba meli ikipita karibu vikombe mezani vinagongana. Siku ya kwanza Fundi alitembea pembeni yangu kimya, kama nilivyomwomba, mpaka nikachoka mwenyewe na ule ukimya nikamwambia, "Basi sema!" Akasema, "Mimi natazama uso wako tu, endelea."

Daraja limebaki nguzo mbili za mawe, kila moja upande wake. Fundi alinisimamisha juu ya moja akaniambia, "Ruka." Niliruka. Nilifika chini, si ng'ambo, lakini niliruka mbele ya mashahidi.

Sasa sikiliza hili. Wiki iliyopita tulikuwa sokoni, mvua ikashuka bila hodi. Mama mmoja muuza vitunguu, hatumjui, hatujanunua hata kitunguu, akatuita chini ya turubai lake, akakunjua gunia akatutandikia tukae. Gunia, mdogo wangu! Gunia lenyewe! Nilimgeukia Fundi sikuweza kusema neno. Mimi! Yeye ndiye aliyesema. Aliniambia, "Umeona? Halikuwa uongo. Lilichelewa tu." Nililia kama yule nahodha. Ndiyo, najua nahodha hayupo, lakini ningemtambua.

Kiti nimekifunga upya karibu na geti la kiwanda, na mafundi wote wa Fundi wananyolewa kwangu kwa kuogopea kazi zao. Vitabu bado nasoma huku nanyoa, ila sasa nakung'uta. Agizo lako lilinifikia kwa njia ya mke.

Juzi tulikwenda kujiandikisha maktaba ya huku. Kijana wa kaunta akauliza, kadi moja au mbili? Nikasema moja, sisi ni mwili mmoja. Fundi akasema mbili. Kijana akaniangalia, akamwangalia Fundi, akatoa mbili. Wamekufundisha wewe au wewe umewafundisha wao?

Na jana jioni nimerudi nikamkuta dirishani anasoma. Kitabu kimevaa bitana mpya, ya zambarau, imeshonwa vizuri, pembe hazionekani. Akacheka peke yake. Akakifunga akaniangalia. Mdogo wangu, nilisimama pale mlangoni. Nikaona mdomo wangu unafunguka wenyewe kama lile daraja, nikaufunga. Nikamwuliza kama nimletee chai.

Akasema ndiyo. Nikaleta chai, nikakaa, nikaongea habari za vitunguu.

Nimeruka mengi maishani, mengine hayakuwepo. Lakini ule mruko wa jana ulikuwepo, na nimefika ng'ambo.

Kaka yako,
Mkasi wa Dunia, safari hii kweli

Nyongeza: Hii kompyuta ya huku na yako ni moja? Nauliza tu.